Ng'ombe Ambao Ng'washi Hakuwataja

Kila mwaka, pamba ikishavunwa na mabua kung'olewa, shangazi yangu Ng'washi alifunga michembe ndani ya kitenge kikuukuu na kusafiri kutoka Nkoma hadi Nassa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Kwetu ndiyo zawadi ya mtu anayeheshimu anakokwenda. Kijijini ilijulikana kwamba anafuata samaki. Alirudi na sato waliobanikwa na kifurushi cha dagaa, akawagawia majirani, na nyumba zote za karibu zikanuka ziwa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mjane asafiri mwendo wote ule kufuata samaki ambao wachuuzi wa baiskeli walikuwa wakiwaleta mpaka mlangoni.

Mimi pia sikujiuliza, ingawa ni mtoto wa kaka yake, na ingawa safari moja nilimsindikiza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na yeye alitaka mtu wa kumbebea mzigo. Tulipanda basi hadi Bariadi, tukabadilisha, tukapita Lamadi, na alasiri tukafika nyumbani kwa Mabula, ndani ya uzio wa minyaa uliokuwa mrefu kuliko mtu. Mabula alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho ya kucheka. Shangazi alipiga goti kidogo, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, namhala."

"Mwadila, mayo. Nkoma hawajambo?"

"Mhola. Na watoto wa hapa wanacheza?"

"Wanacheza. Yule mkubwa amepata mwenzake, na wote wawili wana afya."

"Wabeja," alisema shangazi, akaketi.

Alivikwepa viti viwili vilivyokuwa vimeandaliwa, akachukua kigoda na kukiweka mahali ambapo mgongo wake ulielekea zizi. Ng'ombe walipoingia, vumbi likapanda mpaka kwenye sufuria ya chai, lakini shangazi hakugeuza shingo. Mabula alinitazama mimi nilivyokuwa nikiwakodolea macho.

"Huyu kijana amesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne," shangazi alijibu kwa fahari.

"Basi anajua kuhesabu. Mkalishe mbali na ng'ombe zangu."

Tulicheka wote. Nilidhani watoto waliotajwa ni wajukuu. Miaka mingi ilipita kabla sijafahamu kwamba "yule mkubwa" alikuwa na pembe, kwamba "mwenzake" alikuwa ndama, na kwamba shangazi yangu alikuwa ametoka Nkoma hadi Nassa ili aketi jioni moja akiwapa mgongo ng'ombe wake mwenyewe, awasikie wakipumua.

Desturi hiyo tunaiita kubilisa. Mtu humkabidhi rafiki wa mbali ng'ombe wake amfugie. Mfugaji hunywa maziwa na kutumia samadi. Mwenye mali hubaki na mali yake na uzao wake. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja, hauli ng'ombe wote wa mtu. Ukame ukipiga huku, kule pana majani. Lakini zaidi ya yote, mali ya mtu haikai machoni pa watu. Kwa hiyo sheria kuu ya kubilisa ni kufunga mdomo. Anayefuga hamtaji mwenyewe, wala mwenyewe hawataji ng'ombe. Mtu akisimama kwenye uzio na kuuliza hawa ni wa nani, jibu ni moja tu: wangu. Hakuna Msukuma aliyewahi kuliita jibu hilo uongo. Liliitwa utu.

Ng'washi alikuwa na sababu kubwa kuliko ukame. Aliolewa na Januarius, mwanamume mpole aliyemwacha mjane angali kijana, akiwa na binti mmoja, Elina, bado wa kubebwa mgongoni. Matanga hayajakwisha vizuri, shemeji yake Athanasi alikuja na ndugu zake, akachukua ng'ombe wote wa marehemu, plau, na mlango wa zizi. Naurudia mlango huo kwa sababu shangazi mwenyewe alikuwa akiurudia kila mara: "Waliung'oa hata mlango, kana kwamba walihofu kwamba ng'ombe wengine watajileta wenyewe." Alibaki na jembe la mkono. Alilima pamba kwa jembe hilo mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Hakurudi kwao, wala hakukubali kurithiwa.

Hata hivyo kulikuwa na ng'ombe mmoja ambaye Athanasi hakumchukua, kwa kuwa hakumjua. Babu yangu, baba yake Ng'washi, alipougua miguu, binti yake huyo alimwuguza bila kuchoka mpaka akasimama tena. Mzee akampa mtamba wa kijivu mwenye baka jeupe tumboni, akamwita Wabeja, neno letu la kushukuru. Hakumleta Nkoma. Alimpeleka Nassa, kwa baba yake Mabula, ambaye walikuwa marafiki wa kubilisa tangu ujana. Wazee hao wawili walipofariki, urafiki uliwashukia watoto wao pamoja na ng'ombe.

Uzao wa Wabeja ndio uliomsomesha Elina. Ada ilipokaribia, Mabula alimpeleka mnadani dume mmoja kama wake mwenyewe, akapata lawama za wanawe kwamba anauza ovyo, akanyamaza, na fedha zikaja Nkoma chini ya dagaa. Leo Elina ni muuguzi. Watu walisema shangazi ana bahati, wengine wakasema ana dawa. Yeye alikuwa akicheka tu.

Ungekuja Nkoma nyakati zile ungemkuta jioni akitembea pamoja na wanawake wenzake, pamba imewajaa nyweleni kama mvi za kuazima, wakitaniana juu ya waume waliokufa na walio hai. Njia zote za kutokea kijijini zilikuwa na watu wa namna yake: huyu anakwenda Kasoli "kumwona mgonjwa," yule anakwenda Itilima ya juu "kwenye ngoma." Sasa natambua kwamba nusu ya wagonjwa hao walikuwa wakila majani. Mkoa mzima ulikuwa umefumwa kwa uaminifu usio na maandishi, na sisi tuliosoma tuliupita kila siku bila kuuona.

Kisha zikaja hereni.

Ilitangazwa kwamba kila ng'ombe atavishwa hereni yenye namba, na kila namba itaingizwa katika mfumo pamoja na jina, simu na alama ya kidole ya mwenye ng'ombe. Kazi ilikabidhiwa kampuni moja ambayo watu waliiita tu kampuni ya hereni. Wizi utakwisha, tuliambiwa. Ng'ombe atatibiwa kwa wakati. Sitakana kwamba wizi wa mifugo ni adha kubwa, wala kwamba nia inaweza kuwa ilikuwa njema. Nililolipinga, na ninaloendelea kulipinga, ni namna watu walivyojibiwa.

Maige, mtoto wa kwanza wa Mabula, alinisimulia siku hiyo ilivyokuwa pale kwenye josho la Nassa, wilayani Busega. Bwana mifugo alikuwepo, na msichana wa kampuni, Joyness, ameshika kishikwambi. Mzee mmoja aliinua fimbo.

"Hiyo hereni inasikia tunayosema nyumbani?"

"Haisikii, babu," Joyness alijibu. "Ina namba tu."

"Na hiyo namba anaisoma nani?"

"Mfumo."

"Huyo Mfumo ni mtoto wa nani? Wa hapa hapa Busega?"

"Wa Dar huyo!" sauti nyingine ikadakia. "Usimwulize ukoo, hana."

Watu walicheka, bwana mifugo akacheka nao, na swali likazikwa ndani ya kicheko. Baadaye ikasemwa mjini kwamba wafugaji wa Simiyu wanaamini hereni ina masikio. Nimechoka kusikia kwamba watu wetu wanaogopa teknolojia. Watu hao hao hutumiana fedha kwa simu, hutazama bei ya pamba kwa simu, huomboleza kwa simu. Hawakuogopa chombo. Waliuliza ni nani atakayetazama ndani ya zizi la mtu, na atamwambia nani alichokiona. Hilo ni swali la mtu mwenye akili timamu, na hakuna kiongozi aliyelijibu siku ile wala baadaye.

Zamu ya Mabula ilifika. Ng'ombe wake waliingizwa kwenye kibanio mmoja baada ya mwingine. Nyuma yake walisimama majirani, wachuuzi wa samaki, na watu wa kupita tu.

"Babu, zote hizi ni zako?" Joyness aliuliza.

"Zangu."

"Zote kabisa?"

"Binti, ukimkuta mtu amesimama na ng'ombe zake, kwenu huwa mnamwuliza mara mbili?"

"Ni utaratibu, babu."

"Basi andika utaratibu wako. Zangu."

Akaweka kidole gumba juu ya kioo. Wajukuu wa Wabeja wakatobolewa masikio na kuvishwa hereni za njano, chini ya jina la Mabula. Afisa wa nchi nyingine angeliita jambo hilo udanganyifu. Yeyote aliyelelewa kwetu angejibu vivyo hivyo, kwa kuwa kutamka mbele ya umati wote ule kwamba hawa ni wa mjane fulani wa Nkoma kungekuwa kuuza siri aliyoachiwa na baba yake.

Mwanzoni hakuna kilichoharibika, ila simu ya Mabula ilianza kupokea ujumbe kutoka kwa watu asiowajua. Huyu anauza dawa ya kupe, yule anauza pumba, mwingine anampongeza kwa kuwa "mfugaji mkubwa." Alimpa Maige amsomee.

"Wamejuaje kwamba mimi ni mkubwa?" aliuliza. "Pale joshoni hawakuwepo."

Maige akanipigia simu. Mimi nilikwenda kuliuliza swali hilo Bariadi, kwa barua na kwa mdomo, na nikaambiwa taarifa za wafugaji zipo salama. Nilipouliza salama mikononi mwa nani, niliombwa kupisha foleni.

Mwaka uliofuata Mabula alipata kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea na mdomo ukapinda kidogo, lakini akili ilibaki nzima, na akili hiyo ikaanza kumtesa. Alimwita Maige, akamfungulia yote: ni ng'ombe gani wa Wabeja, ni wa nani, na tangu lini.

"Nikifa leo," alimwambia, "mashine itasema ni zangu. Wewe na wadogo zako si wezi. Lakini mtaiamini mashine."

Ndipo shangazi aliponiita. Nilimkuta akichambua choroko uani, na hakuinua macho.

"Marcelo, wewe ni hodari wa kugombana na ofisi. Nina jambo la ofisi."

Akanieleza yote, kwa utulivu, kama mtu anayehesabu choroko.

"Shangazi, kumbe miaka yote ile ya samaki…"

"Samaki nao walikuwepo," alisema. "Wewe hukuwala?"

Tulikutana na Mabula na Maige kwenye ofisi ya kampuni ya hereni pale Bariadi. Kijana wa mezani alikuwa na adabu, na hilo lilinikera zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Alisikiliza hadithi nzima, akatazama kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Mfumo una sehemu ya mmiliki. Sehemu ya aliyekabidhiwa kufuga haipo."

"Iwekwe," nilisema.

"Kaka, mimi siutengenezi. Mnaweza kuhamisha umiliki. Babu atasaini kwamba alitoa taarifa zisizo sahihi. Kisha jina la mama na maelezo ya ng'ombe wake yatabandikwa kijijini kwake, ili mwenye pingamizi ajitokeze."

Mabula alikohoa.

"Yaani nasaini kwamba nilidanganya?"

"Siyo kudanganya, babu. Taarifa zisizo sahihi."

"Ni lile lile, limevaa suti."

Shangazi hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa amekamata neno moja.

"Yatabandikwa Nkoma?"

"Ndiyo, mama. Ni kwa ajili ya uwazi."

"Mwanangu, uwazi huo ni wa nani? Mimi nimekaa gizani maisha yangu yote ili nisiibiwe. Leo unaniwashia taa, na mwizi yupo pale pale mlangoni."

Kijana alitazama meza. Nadhani alimwelewa. Lakini kuelewa kwake hakukuwa na sehemu katika mfumo.

Tulitoka tukaketi barazani. Mbele yetu malori ya pamba yalikuwa yakipita, na vipande vyeupe vikiruka mpaka kwenye mitaro. Nilimweleza shangazi mambo yalivyo: akiacha jina la Mabula, siku yoyote ataupoteza uzao wa Wabeja kwa warithi wa Nassa, hata wakiwa watu wema; akiandika jina lake, Athanasi atasoma ubaoni. Nilimshauri asubiri, niandike kwa mkuu fulani na kwa mbunge, tupiganie marekebisho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama Mabula, ambaye alikuwa akijaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja huku Maige akijifanya haoni.

"Wewe andika barua zako," aliniambia. "Ni kazi nzuri. Lakini barua zina safari ndefu, na huyu hana. Sitaki azikwe na ng'ombe zangu shingoni. Baba yake hakuzikwa hivyo."

Akarudi ndani, akaweka kidole.

Tangazo lilibandikwa Nkoma kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kijiji, kati ya tangazo la chanjo na tangazo la harusi. Kabla jua halijawa kali kijiji kizima kilikuwa kimelisoma. Hasira ya Athanasi niliitarajia. Nilichoshindwa kukitarajia ni Benedikta, kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa, mwanamke ambaye alikuwa amelima na shangazi bega kwa bega.

"Ng'washi," alimwambia pale kisimani, mbele ya wote, "mwaka ule wa njaa tulikuchangia mahindi. Nilitoa ya kwangu, watoto wangu wakilala na uji. Kumbe una zizi Nassa?"

Shangazi angesema nini? Kwamba ng'ombe wa kubilisa hachinjwi kwa sababu mwenyewe ana njaa? Kwamba kama angeuza mmoja waziwazi mwaka ule, wote wangekwenda na Athanasi? Mambo hayo hayasemeki kisimani. Alibeba ndoo yake akaondoka, na nilimwona kwa mara ya kwanza akitembea kama mzee.

Siku ya mkutano wa pingamizi Athanasi alikuja amevaa koti. Alizungumza vizuri; sitamnyima haki hiyo.

"Shemeji yangu amelia umaskini katika kila msiba wa ukoo," alisema. "Mchango ukipita, yeye anatoa kuku. Sote tukamhurumia. Leo mashine ya Serikali imetuonyesha ukweli. Kaka yangu alimtolea mahari huyu mama. Mali aliyoipata akiwa mke wa ukoo ni ya ukoo."

"Mashine inasema ni zangu," shangazi alijibu. "Wewe umeisoma nusu."

Kicheko kikapita. Mtendaji alipouliza kama kuna shahidi, pikipiki iliingia uwanjani, Maige akiendesha, na Mabula nyuma yake, amefungwa kwa kitenge kwenye kiuno cha mtoto wake ili asianguke. Walikuwa wametoka Nassa hivyo. Watu walisogea wenyewe wakampisha. Alikataa kiti.

"Mimi ni Mabula wa Nassa. Nimesaini Bariadi kwamba ni mwongo, kwa hiyo mkiniamini mniamini kwa uangalifu."

Walicheka, na hapo alikuwa ameshawapata. Kisha akataja uzao wa Wabeja, kuanzia mtamba wa kijivu mwenye baka tumboni, binti zake na binti za binti zake, kila mmoja kwa rangi yake na msimu aliozaliwa. Akamgeukia Athanasi.

"Mtamba huyo alitoka kwa baba yake huyu mama, akaja kwa baba yangu. Hakukanyaga zizi la kaka yako hata mara moja. Kama ni wa ukoo wako, niambie mama yake alikuwa rangi gani."

Athanasi aliketi. Wazee waliokuwepo wakanong'onezana, na mmoja wao akamwambia mtendaji kwa Kisukuma kwamba hakuna cha kuendelea kuuliza. Pingamizi likatupwa.

Shangazi alishinda. Nimeandika sentensi hiyo na ninaitazama kwa uchungu, kwa kuwa nataka msomaji ajue ushindi wenyewe ulikuwa wa namna gani. Maige aliwaswaga ng'ombe kutoka Nassa hadi Nkoma, kwa vibali vyote, hereni zao zikimetameta. Waliingia katika zizi jipya nililolijenga kwa mikono yangu, lenye mlango. Kila mpita njia aliwaona. Haikupita mvua moja kabla mtoto wa Athanasi hajaja, safari hii kwa magoti na kwa heshima zote, kuomba ng'ombe wa mahari kwa "mama mkubwa." Akaja mwingine. Ukawa msiba. Ikawa ujenzi wa parokia. Mtu mwenye ng'ombe wanaoonekana hana namna ya kukataa kwetu, na shangazi hakuwahi kuwa mchoyo. Alichonyang'anywa zamani kwa nguvu, sasa alikitoa kwa adabu. Na Benedikta bado anamsalimia kwa kifupi.

Wengine waliona. Kimya kimya, watu wa Nkoma walianza kuwarudisha ng'ombe wao kutoka Kasoli, kutoka Busega, kutoka kokote walikokuwa, kabla mfumo haujawaaibisha marafiki zao. Leo wagonjwa wa Kasoli hawatembelewi tena. Njia zile nilizozikuta zimejaa wanawake wenye vitenge vya michembe zimeota nyasi katikati. Hatukupoteza teknolojia fulani ya kizamani, kama afisa mmoja alivyonieleza kwa tabasamu. Tulipoteza sababu ya kupendana na watu wa mbali.

Barua zangu zinaendelea. Ninadai mambo mepesi: iwepo nafasi ya mtu aliyekabidhiwa, jina la mwenye mali lisibandikwe ubaoni, kampuni iseme hadharani imempa nani namba zetu. Sijajibiwa. Nitaandika tena.

Msimu huu, siku chache baada ya kuvuna, nilipita kwa shangazi asubuhi. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwona ng'ombe wake wa kijivu akilamba ndama jike, mwenye baka jeupe tumboni, masikio yake mazima, hayajatobolewa, laini kama majani machanga. Safari hii ng'ombe yule alikuwa amesimama zizini bila ndama wake, akiitazama njia ya Bariadi na kulia kwa sauti nzito. Pembeni ya zizi palikuwa na alama za tairi la pikipiki.

Shangazi alikuwa uani, anafunga michembe ndani ya kitenge.

"Shangazi, yule ndama yuko wapi?"

"Ndama gani?"

"Yule mwenye baka."

Alikaza fundo kwa meno, akaliangalia kama limekaa sawa, kisha akanitazama kwa macho ya utani ambayo sikuwa nimeyaona tangu kabla ya siku ile ya kisimani.

"Nakwenda Nassa," alisema. "Mabula hajambo kidogo, na hapa kwetu samaki wamekuwa adimu. Utanisindikiza, au una barua ya kuandika?"

Nilimbebea mzigo mpaka kituoni. Sikuuliza tena.